Projestini, kitanzi cha homoni au dawa za kuzima ovari? Vipokezi vya endometriosisi vinavyoweza kukusaidia kuchagua

Dawa za homoni za endometriosisi hupangwa kwa ukali: ya kuanzia, ya kati, ya mwisho. Mgonjwa naye anajikuta akiuliza ipi ina nguvu kuliko mwenzake. Swali hilo, kwa maoni yangu, linapotosha. Linalosaidia zaidi ni kujua dawa inafanya kazi sehemu gani ya mwili na kupitia kipokezi kipi (protini ya seli inayoishika homoni), kwa sababu ugonjwa huu huvuruga baadhi ya vipokezi na vingine hauvigusi kabisa. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini dawa iliyomtuliza rafiki yako haikukusaidia wewe. Utajua pia ni wakati gani uache kuhama kutoka kidonge hadi kidonge cha ukoo uleule.

Ulinganisho huu ni wa mwanamke ambaye kwa sasa hatafuti mimba. Anayetafuta ana njia nyingine. Mwongozo wa mwaka 2022 wa ESHRE, chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, unasema wazi kwamba dawa za kunyamazisha ovari zisitolewe kwa lengo la kuongeza nafasi ya kushika mimba kwa njia ya kawaida. Huyo azungumze na daktari wake kuhusu upasuaji au upandikizaji wa mimba.

Kilichovurugika ndani ya tishu

Endometriosisi ni tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba, iliyoota isikotakiwa: kwenye ovari, kwenye utando wa tumbo, kwenye utumbo au kibofu, na kwa wachache hata kifuani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake na wasichana milioni 190, takriban asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa, wanaishi nayo. Huku kwetu wengi wao waliambiwa ni chango, au kwamba maumivu yataisha wakishazaa.

Utando wa kawaida huongozwa na homoni mbili kwa zamu. Estrojeni huukuza katika nusu ya kwanza ya mzunguko, kisha projesteroni huutuliza katika nusu ya pili. Homoni haifanyi lolote mpaka ishikwe na protini maalumu ndani ya seli, nayo ndiyo kipokezi. Estrojeni ina vipokezi viwili vikuu: alfa, kinachotokana na jeni ESR1 iliyo kwenye kromosomu ya 6, na beta, kinachotokana na ESR2 kwenye kromosomu ya 14. Projesteroni ina jeni moja tu, PGR, kwenye kromosomu ya 11, lakini jeni hiyo hutoa protini mbili, A na B. B ni ndefu kuliko A, na ndiyo hodari zaidi wa kuwasha jeni nyingine.

Sasa chukua baka la endometriosisi, yaani kipande cha tishu hiyo iliyoota isikotakiwa, ulipime. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, Serdar Bulun akiwa miongoni mwao, walichapisha matokeo yaliyobadilisha mjadala: ndani ya mabaka waliiona A, lakini B haikuonekana. Miaka iliyofuata ilionyesha picha ya upande wa estrojeni. Katika seli za stroma za mabaka hayo, yaani za tishu inayozishikilia tezi, ESR2 hufanya kazi mara nyingi zaidi kuliko katika utando wa kawaida, huku ESR1 ikishuka. Sababu yake si kwamba jeni imekatika au imebadilika herufi. Kuna vibandiko vya kikemikali viitwavyo methili, ambavyo vikikaa mwanzoni mwa jeni huinyamazisha. Kwenye ESR2 ya mabaka vibandiko hivyo vimepungua, kwa hiyo jeni inafanya kazi bila breki. Kwenye sehemu inayoanzisha B vimezidi, kwa hiyo jeni imezibwa mdomo.

Mambo haya mawili yana uhusiano. Beta ikizidi hukandamiza alfa, na alfa ndiyo iliyokuwa na kazi ya kuiamsha PGR. Matokeo yake ni tishu inayosikia sana estrojeni na kuisikia kidogo projesteroni, hali ambayo madaktari huiita usugu wa projesteroni.

Juu ya hayo, mabaka hujitengenezea estrojeni yenyewe. Jeni CYP19A1, inayotoa kimeng'enya cha aromatasi, huwaka humo wakati katika utando wa mwanamke asiye na ugonjwa huwa imelala. Kinachoichochea ni prostaglandini E2, kemikali ya uvimbe na maumivu, na estrojeni inayotokea huchochea prostaglandini zaidi. Kimeng'enya cha HSD17B2, kilichotakiwa kuipunguza makali estrojeni hiyo, nacho ni haba, kwa sababu kwa kawaida huamshwa na projesteroni ambayo sasa haisikiki. (Ndiyo maana dawa kama ibuprofeni au asidi ya mefenamiki hupunguza maumivu: zinakata prostaglandini. Ila baka linabaki palepale.)

Projestini: dawa inayoongea na kipokezi kilichopungua

Hapa ndipo wengi huanzia, na wana haki ya kuanzia hapa. Projestini ni homoni za maabara zinazofanya kazi ya projesteroni: dienojesti ya miligramu 2 kila siku, norethisteroni asetati inayoanza na miligramu 5, sindano ya medroksiprojesteroni ambayo wengi wanaijua kama sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, na levonojestreli iliyo ndani ya kitanzi cha homoni.

Kama PGR imepungua kwenye baka, mbona dawa hizi husaidia wanawake wengi? Kwa sababu hazitegemei baka peke yake. Dienojesti, norethisteroni kwa dozi hiyo na sindano huzuia yai kupevuka kwa kupitia ubongo na tezi ya pituitari, ambako vipokezi havina hitilafu. Estrojeni ya ovari inapungua na hedhi inakata. Kile kidogo cha PGR kilichobaki kwenye baka kinakuwa nyongeza. Hata hivyo takriban theluthi moja ya wanawake hawapati nafuu ya kutosha, na usugu wa projesteroni ni moja ya maelezo yenye mashiko.

Tofauti kati ya projestini wenyewe kwa wenyewe haiko sana katika kutuliza maumivu. Iko katika vipokezi vingine ambavyo kila moja huvigusa njiani, na hapo ndipo madhara yanapotoka. Dienojesti hupinga kidogo homoni za kiume, kwa hiyo mwenye chunusi huivumilia vizuri zaidi. Norethisteroni na levonojestreli hushika kipokezi cha androjeni, yaani cha hizo homoni za kiume: chunusi na ngozi ya mafuta zinaweza kuongezeka. Medroksiprojesteroni hugusa pia kipokezi cha glukokotikoidi, kile kinachotumiwa na dawa za jamii ya kotisoni. Kama ulishawahi kutumia mojawapo ukaumia kwa sababu fulani, mweleze daktari ni ipi na ilikufanya nini. Habari hiyo ina thamani kuliko kusema tu kwamba "homoni hazinipatani".

Kwa bei na upatikanaji, sindano haina mpinzani Afrika Mashariki. Ile ya chini ya ngozi ya miligramu 104 ni dozi ileile iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa maumivu ya endometriosisi; katika nchi zetu hutolewa kama njia ya uzazi wa mpango, na wanawake hufundishwa kujidunga wenyewe. Ubaya wake upo. Ukishadungwa huwezi kuitoa, matone ya damu yasiyo na ratiba ni ya kawaida miezi ya mwanzo, mifupa hupungua uzito kiasi wakati wa matumizi, na uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa kurudi kwa miezi mingi. Mwanamke wa miaka 34 anayepanga kuzaa mwaka kesho asianze nayo.

Kitanzi cha homoni, ambacho Kenya wengi hukiita koili, ni ndugu wa tofauti. Dawa yake hukaa kwa wingi ndani ya mji wa mimba na kwenye nyonga, na kidogo sana huingia kwenye damu. Wanawake wengi hupevusha yai kama kawaida wakiwa nacho. Kwa hiyo ile njia ya ubongo niliyoieleza haipo, na kitanzi hutegemea zaidi vipokezi vya hapohapo. Kwa mwenye maumivu makali ya hedhi na damu nyingi ni chaguo zuri mno: kinadumu miaka, kikitolewa uzazi hurudi haraka, na hakuna kidonge cha kukumbuka. Kwa mwenye uvimbe wa chokoleti (mfuko wa endometriosisi uliojaa damu ya zamani) kwenye ovari singekiweka mbele, kwa kuwa ovari zinaendelea na shughuli zake. Kwa ugonjwa ulio mbali na nyonga hakifai kabisa. Mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024, aliwafanya watu wengi wajue kwamba tishu hii inaweza kufika mpaka kifuani na kuangusha mapafu. Kwa ugonjwa wa namna hiyo dawa ya mahali pamoja haiwezi kufika.

Vidonge mseto: pale nadharia ya jeni ilipogonga ukuta

Vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango vina estrojeni na projestini pamoja. Ukizingatia yaliyosemwa juu ya ESR2, utashangaa: mbona tunaipa estrojeni tishu yenye uchu wa estrojeni? Robert Casper, daktari wa uzazi wa Toronto, Kanada, aliandika hoja hiyohiyo mwaka 2017 na kupendekeza projestini pekee ziwe za kwanza. Hoja yake ina mantiki, na mimi niliposoma habari za vipokezi nilielekea upande wake.

Kisha mwaka 2024 yakatoka matokeo ya jaribio la Uingereza liitwalo PRE-EMPT. Wanawake 405 waliofanyiwa upasuaji wa endometriosisi waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapata projestini za muda mrefu, yaani sindano au kitanzi, wengine vidonge mseto. Baada ya miaka mitatu maumivu yalikuwa yamepungua katika makundi yote mawili, na kwa kiasi kinacholingana. Tofauti ilikuwa kwingine: waliokuwa kwenye projestini za muda mrefu walihitaji upasuaji mwingine au matibabu ya hatua ya pili mara chache zaidi.

Ninachokipata hapo ni kwamba ramani ya vipokezi haitoshi kutabiri mgonjwa atajisikiaje. Vidonge mseto huzima ovari, na pengine faida hiyo inafidia ile estrojeni ya ndani ya kidonge. Kama vinakupatana na vinapatikana kituo cha afya kilicho karibu nawe, usivitupe kwa sababu ya hoja ya jeni. Vitumie mfululizo bila wiki ya mapumziko, ili hedhi isije. Ila mwenye kipandauso cha kuona miale, mwenye shinikizo kubwa la damu, aliyewahi kuganda damu, au mvutaji sigara aliyevuka miaka 35 asivitumie. Huyo aende moja kwa moja kwenye projestini pekee.

Dawa za kuzima ovari: zinapita pembeni ya ugonjwa

Kundi hili halijali PGR ya baka ikoje. Linafanya kazi kwenye pituitari, kwenye kipokezi cha homoni ya GnRH, ambayo ndiyo inayoanzisha mlolongo wote wa kuamsha ovari. Ni sawa na kufunga bomba kuu badala ya kuhangaika na koki moja iliyoharibika. Ndiyo maana nasema projestini ikishindwa, hatua yenye mantiki ni kubadili ukoo, si kubadili jina la kidonge.

Ziko za aina mbili. Za zamani, leuprorelini na goserelini, hudungwa kila mwezi au kila miezi mitatu. Zinakiamsha kipokezi mpaka kichoke, kwa hiyo wiki moja au mbili za mwanzo estrojeni hupanda na maumivu yanaweza kuzidi kabla ya kushuka. Mgonjwa asipoambiwa mapema anadhani dawa imemdhuru. Mpya ni za kumeza na zinakiziba kipokezi papo hapo, bila kupanda kwanza: elagoliksi, iliyoidhinishwa Marekani Julai 2018, na relugoliksi, iliyoidhinishwa huko kwa endometriosisi Agosti 2022 ikiwa ndani ya kidonge kimoja na estradioli miligramu 1 na norethisteroni asetati miligramu 0.5. Uingereza iliikubali relugoliksi hiyo kwa wagonjwa wa huduma ya afya ya taifa mwaka 2025.

Estradioli tena? Ndiyo, na hapa hesabu ni nzuri. Robert Barbieri, daktari wa wanawake wa Marekani, alipendekeza mwaka 1992 kwamba kuna kiwango cha estradioli, kati ya pikogramu 30 na 50 kwa mililita, ambacho hakitoshi kulisha mabaka lakini kinatosha kulinda mifupa. Ukiizima ovari kabisa bila kurudisha chochote, unapata joto la ghafla, ukavu wa uke, usingizi mbovu, na mifupa inayopungua mwezi hadi mwezi. Ndiyo sababu sindano hizo peke yake huwekewa kikomo cha miezi sita. Ukirudisha homoni kidogo, muda unarefuka na mwili unavumilia. Daktari akikuandikia leuprorelini ya miezi mingi bila kutaja homoni za kurudishia, muulize.

Je, zinatuliza maumivu kuliko projestini? Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 lililinganisha dienojesti na leuprorelini kwa wiki 24, na maumivu yakashuka sawasawa. Joto la ghafla na kupungua kwa mifupa vilikuwa kwa wa leuprorelini. Kwa wastani wa kundi, basi, hakuna sababu ya kuanzia hapa. Sababu inakuja kwa yule mmoja ambaye projestini haikumfaa.

Bei ndiyo kikwazo. Leuprorelini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini kwa ajili ya saratani ya matiti na ya tezi dume, kwa hiyo ulizia kwenye famasi za hospitali zinazotibu saratani kabla ya kukata tamaa. Ulizia pia bima kabla ya sindano ya kwanza. Kuanza matibabu ya miezi sita ukaishia mwezi wa pili kwa kukosa hela ni kupata usumbufu wote bila faida.

Zilizobaki

Letrozoli huzuia aromatasi, yaani estrojeni ile inayotengenezwa na baka lenyewe. Kinadharia inavutia kuliko zote. Kivitendo, kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi, huwa inaamsha ovari na kuleta uvimbe wa maji, hivyo hutolewa pamoja na projestini au dawa ya GnRH, na ni kwa walioshindwa na mengine yote. Danazoli, inayofanya kazi kupitia kipokezi cha androjeni, iliwahi kuwa maarufu. Ndevu na sauti nzito vimeiondoa, na ESHRE haiipendekezi tena.

Jambo moja halitajwi vya kutosha kwetu: rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huharakisha ini kuvunja homoni. Dienojesti na vidonge mseto hupungua nguvu ukiwa nayo. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha homoni haviathiriki kwa kiasi cha kuleta shida, kwa hiyo mgonjwa aliye kwenye matibabu ya kifua kikuu ana uamuzi mwepesi.

Kupima vipokezi kabla ya kuchagua

Kwa saratani ya matiti, kupima kipokezi cha estrojeni na cha projesteroni ni kawaida. Kwa endometriosisi bado. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichukua mabaka ya wanawake waliokuwa wamefanyiwa upasuaji, wakapaka rangi ya kuonyesha kipokezi cha projesteroni, wakalinganisha na historia ya dawa. Wenye kipokezi kingi ndio waliokuwa wamepata nafuu kwa projestini. Wenye kidogo kabisa hawakupata. Ni utafiti mdogo na wa kutazama nyuma, lakini unakwenda upande uleule na maabara.

Ukikutana na tafiti zinazopingana juu ya PGR au ESR1, angalia mambo matatu kabla ya kuamua nani kakosea. Baka lililinganishwa na nini: utando wa mwanamke yuleyule, au wa mwanamke mzima asiye na ugonjwa? Utando wa mgonjwa nao huwa umebadilika, kwa hiyo majibu yatatofautiana. Tishu ilichukuliwa siku gani ya mzunguko, na mgonjwa alikuwa anatumia homoni? Na je, walisaga kipande kizima? Kipande kina stroma, tezi, mishipa na seli za kinga, na ukivichanganya unapata wastani usiowakilisha seli yoyote. Ndiyo maana tafiti za kusoma seli moja moja zimekuwa na uzito. Ule wa hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles, uliochapishwa mwaka 2023, ulisoma zaidi ya seli 370,000 na kuonyesha kuwa baka la ovari na la utando wa tumbo hazifanani.

Kwa uamuzi wa leo, mpangilio wangu ni huu. Anza na projestini inayolingana na maisha yako: dienojesti kama unaimudu, sindano kama hela ni ngumu na uzazi si wa karibuni, kitanzi kama shida kubwa ni hedhi yenyewe. Ipe miezi mitatu hadi sita, ukiandika kila siku maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10. Namba zisiposhuka, usikubali kuhamishiwa projestini nyingine. Omba kujadiliwa dawa ya GnRH pamoja na homoni za kurudishia, au upasuaji wa matundu. Na ukifanyiwa upasuaji, mwambie daktari wako kipande kilichotolewa kiende patholojia, maabara ya kuchunguza tishu, na kihifadhiwe kwenye nta. Kipimo cha kipokezi cha projesteroni kinachotumika kwa saratani ya matiti hufanywa kwenye kipande cha namna hiyohiyo, hata baada ya miaka.